Nyaya za Plagi Zinazoruka Angani

Gari likianza kukohoa kwenye Barabara ya Sam Nujoma jijini Dar es Salaam, fundi wa Mwenge hakimbilii kufungua injini. Hukagua plagi na nyaya zake kwanza. Ndege ndogo za pistoni, kama Cessna 172 na 206, nazo zina nyaya za kazi hiyo hiyo, ila huko juu hakuna pa kuegesha.

Kila silinda ya injini hizo ina plagi mbili, na injini ina magneto mbili, yaani vizalishaji vya umeme wa cheche: kila moja huhudumia plagi moja ya kila silinda. Upande mmoja ukifa, wa pili huendelea. Kabla ya kuruka rubani hupandisha injini hadi mizunguko kama 1700 kwa dakika, azime upande mmoja, kisha mwingine. Kwa Cessna 172 nyingi za zamani mizunguko isishuke zaidi ya 125, wala tofauti ya pande hizo isizidi 50. Ikizidi, ndege hairuki mpaka fundi aitwe.

Waya wa kutoka magneto hadi plagi hubeba maelfu ya volti ndani ya mpira, na juu yake umesukwa wavu wa chuma unaozuia redio ya rubani isikwaruze. Maadui zake ni joto la ekzosti, kusuguana na mabomba, kukunjwa kupita kiasi na unyevu, ambao kwenye pwani yetu huja na chumvi. Ubaya ni kwamba waya mbovu unaweza kufanya kazi vizuri chini, ukaanza kuvujisha umeme juu kwenye hewa nyepesi. Macho pekee hayatoshi. Lazima upimwe kwa kifaa cha kukagua uvujaji.

Fundi makini utamjua kwa mikono yake. Hushika spana mbili: moja inazuia shingo ya waya, nyingine inazungusha nati, ili waya usijisokote ndani. Ncha huifuta kwa kitambaa chenye spiriti na haigusi tena kwa kidole, maana jasho na mafuta ya ngozi huupa umeme njia ya kutorokea. Kisha hukaza kwa spana ya kipimo, kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoagiza, si kwa kukadiria.

Vijana wa gereji za Mwenge wenye mikono ya namna hiyo hawana haja ya kwenda mbali: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo, kinafundisha matengenezo ya ndege. Waulize masharti ya kujiunga.