Mibuyu ya Kisiwa cha Mombasa

Mbuyu, ambao wanasayansi huuita *Adansonia digitata*, hustawi juu ya mwamba wa matumbawe wa kisiwa cha Mombasa, ingawa udongo wake ni haba na maji ya mvua huzama upesi. Mibuyu mashuhuri zaidi ya kisiwani iko kando ya barabara ya Mama Ngina, ikitazama bahari karibu na kivuko cha Likoni. Ndani ya Mji wa Kale nyumba zimebanana mno, na wengi huko huujua mti huu kwa mabuyu yake: mbegu zenye unga mchachu, zilizopikwa kwa sukari na rangi nyekundu.

Mombasa hupata mvua mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na baina yake kuna miezi ya ukavu, hasa upepo wa kaskazi unapovuma. Mialoni ya nchi za Mediterania nayo hukabili ukame kila kiangazi. Mwaloni unaotoa koki hubaki na majani yake madogo, magumu, mwaka mzima. Mbuyu huyapukutisha, ukazuia maji yasipotee, na chini ya gome lake kuna utando wa kijani unaoendelea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua.

Shina lake nene husemwa kuwa ni tangi la maji. Usemi huo una ukweli nusu. Utafiti uliofanywa Madagaska, kwenye baadhi ya aina za mibuyu zisizopatikana kwingine, ulionyesha kuwa maji hayo hutumika kidogo tu, hasa kuchipuza majani mapya kabla mvua haijafika. Kazi yake kubwa ni kuusimamisha mti wenyewe. Mbao za mbuyu ni laini mno, na bila seli zilizojaa maji shina lisingeweza kubeba uzito wake. Ndiyo maana mbuyu uliokufa huporomoka ukawa rundo la nyuzi. Gome nalo lina uwezo wa ajabu: likibanduliwa kwa ajili ya kamba, huota tena, kama lile la mwaloni wa koki linavyovunwa Ureno na kurudi baada ya miaka tisa hivi.

Ua la mbuyu ni la usiku. Huning'inia kwenye kikonyo kirefu, na jua likishatua petali zake nyeupe hujikunja nyuma, likabaki tufe la nyuzi nyingi zenye chavua. Harufu yake ni nzito, haimpendezi binadamu, bali humwita popo anayekula matunda. Popo huja kunywa nekta, chavua ikamganda manyoya ya kifuani, akaipeleka mti mwingine. Kesho yake ua limeshasinyaa na kuanguka. Popo hawa, ambao aghalabu hulaumiwa kwa kuchafua kuta, wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa: popo wakitoweka, mabuyu nayo yatapungua.

Umri wa mbuyu ni vigumu kuukadiria, kwani shina hutoboka katikati na pete za ndani hazisomeki vyema. Wataalamu hupima kaboni. Mbuyu wa Panke huko Zimbabwe, uliokufa mwaka 2011, ulikisiwa kuwa na miaka ipatayo 2,450. Pwani, imani kwamba mibuyu mikubwa ina wenyewe, yaani pepo, imeiepusha mingi na shoka.

Miche ndiyo iliyo hatarini. Mbegu ina ganda gumu; porini hupitia tumbo la tembo au nyani ndipo iote kwa urahisi. Mjini wanyama hao hawapo, na mbegu inayobahatika kuota hukuta saruji, mbuzi na jembe. Tena jani la mche ni zima, halijagawanyika kama vidole vya mkono, hivyo mpaliliaji huling'oa akidhani ni gugu. Mche ukinusurika, huchukua miaka mingi kabla ya kutoa ua la kwanza.