Jengo la Umoja wa Wanafunzi: Nani Alilipie?

 

Ndugu msomaji, kila mwaka baadhi ya wanafunzi wa madrasa yetu hujaaliwa kuingia vyuo vikuu. Atakayefika huko atapewa orodha ya malipo, na ndani yake atakuta mstari mdogo ambao wengi huulipa bila kuusoma: mchango wa umoja wa wanafunzi. Kwetu mstari huo kwa kawaida ni wa fedha ndogo. Lakini zipo nchi ambako mstari kama huo umejenga majumba ya ghorofa, na umezusha mabishano makali baina ya wanafunzi wenyewe. Wapo wasemao kuwa ni fahari wanafunzi kujijengea, na wapo wasemao kuwa ni dhulma kumtoza mtu asiyetaka. Tumeona tulieleze jambo hili kwa mifano miwili ya Kanada, kisha tulitazame kwa mizani yetu.

Jengo la umoja si darasa wala bweni. Ndani yake huwa na ofisi za viongozi wa wanafunzi, vyumba vya mikutano, ukumbi, mahali pa kula, maduka, na viti vya kukaa kusubiri kipindi kijacho. Mwanafunzi anayetoka mbali kwa basi, asiye na chumba chuoni, ndiye anayelihitaji zaidi. Chuo kikipata fedha hutanguliza maabara na kumbi za mihadhara, na jengo la namna hii huja mwisho au lisije kabisa. Ndipo wanafunzi wanapoambiwa: mkilitaka, jilipieni.

Katika Chuo Kikuu cha British Columbia, mjini Vancouver, desturi hii ni ya zamani mno. Vita Kuu ya Kwanza ilisimamisha ujenzi wa chuo hicho, na kwa miaka mingi wanafunzi walisoma katika vibanda mahali paitwapo Fairview, huku mifupa ya jengo la sayansi ikisimama tupu huko Point Grey. Mwaka 1922 wanafunzi walikusanya saini zaidi ya 50,000 za wananchi na kuandamana hadi kwenye eneo hilo. Serikali ikatoa fedha, na mwaka 1925 chuo kikahamia huko. Kuanzia hapo wakazoea kujitegemea. Mwaka 1928 umoja wao ulisajiliwa kisheria, na sababu moja kubwa ilikuwa upate uwezo wa kukopa fedha za kujenga ukumbi wa michezo, uliofunguliwa mwaka 1929. Mwaka 1940 likafunguliwa jengo lililoitwa Brock Hall, na mwaka 1968 likafuata jengo kubwa zaidi la umoja. Yote hayo yalitiwa fedha na wanafunzi.

Mwaka 2008 wakaulizwa tena. Jengo la 1968 lilikuwa limechoka na chuo kilikuwa kimepita wanafunzi 40,000. Kura ikapigwa, na waliokubali wakawa wengi. Makubaliano yalikuwa kwamba ada ya ujenzi ianze kwa kiasi kidogo na ipande mwaka hadi mwaka, hatimaye ifike dola 100 za huko kwa mwaka kwa kila mwanafunzi. Gharama zilipita dola milioni 100. Chuo kilitoa kiasi cha dola milioni 25, na sehemu kubwa iliyobaki ikawa juu ya wanafunzi, kwa mkopo utakaolipwa kutokana na ada kwa miaka mingi. Jengo lilifunguliwa mwaka 2015, likiwa limechelewa kuliko ilivyopangwa.

Hebu tuhesabu. Aliyeanza chuo mwaka 2008 na kusoma miaka minne alihitimu mwaka 2012. Alipiga kura, akalipa, akaondoka bila kukanyaga ngazi ya jengo lile. Kwa upande mwingine, aliyeingia mwaka 2018 alikuta jengo limekwisha na dola 100 zinamsubiri, na hakuna aliyemuuliza kitu. Wa kwanza alilipa asichokitumia, wa pili analipa asichokichagua. Hawakosi kujibu waliounga mkono: wa kwanza ndiyo maana alitozwa kidogo, na wa pili anatozwa zaidi kwa kuwa ndiye anayelikalia. Jibu hilo lina akili ndani yake, nami sioni kuwa ni la kupuuzwa. Isitoshe, yule wa 2008 naye alikuwa akitumia jengo lililolipiwa na watu wa miaka ya 1960. Kila kizazi kinakula mwembe kilioukuta na kupanda mwingine.

Hoja ya wapinzani iliyo nzito zaidi ni ya mwanafunzi maskini. Ada ya lazima haimwangalii mtu usoni. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mchuuzi wanalipa sawasawa, na huyu wa pili mara nyingi hulipa kwa fedha za mkopo wa masomo, hata ada ya ukumbi ikawa deni la kumfuata baada ya kuhitimu. Tena katika kura za namna hii wanaojitokeza kwa kawaida ni sehemu ndogo ya wanafunzi wote, na aghalabu ni wale wenye nafasi ya kukaa chuoni jioni. Anayekimbilia kibarua baada ya kipindi hana habari ya kura mpaka aone stakabadhi.

Sasa tuje kwenye mizani yetu. Wengi wetu tukisikia kujenga kwa ajili ya watakaokuja baadaye hukumbuka wakfu, na ni haki tukumbuke. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri, naye akamwelekeza auzuie mwili wa mali ile na kutoa mazao yake sadaka. Kutokana na mlango huo wanafunzi wa elimu wamehudumiwa karne na karne. Huko Al-Azhar, Misri, kulikuwa na riwaki, yaani makazi ya wanafunzi kwa kadiri ya nchi walizotoka, zikiendeshwa kwa wakfu. Mojawapo ilikuwa Riwaki ya Jabarti, ya Waislamu wa pembe yetu hii ya Afrika. Mwanafunzi alifika na mkeka wake, akakuta mkate.

Lakini ada ya ujenzi si wakfu, na tusiipambe kwa jina hilo. Wakfu hutolewa na mwenye mali, baleghe, mwenye akili, kwa hiari yake. Hapa kuna mtu aliyesema hapana, na mali yake ikachukuliwa kwa wingi wa kura. Katika habari za ujenzi wa Msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina kuna jambo la kutazamwa. Kiwanja kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl, palipokuwa pakianikwa tende. Walitaka kukitoa bure kwa ajili ya Allah. Mtume (s.a.w.) hakukubali mpaka kikanunuliwa kwa thamani. Basi ikiwa kwa nyumba ya Mwenyezi Mungu, na wenyewe wakiwa radhi, ilichukuliwa tahadhari kiasi hicho katika mali ya watoto, je, kwa ukumbi wa mikutano na mkahawa? Mwanafunzi atakayeingia chuoni miaka kumi ijayo leo ni mtoto wa darasa la pili au la tatu. Anayepiga kura leo anaweka mkono katika mfuko wa mtoto huyo.

Atasema msemaji: mtoto huyo atakapoingia chuoni ataikuta ada imetangazwa, na kuingia kwake ni kukubali masharti. Ni kweli, na masharti baina ya Waislamu yana uzito wake. Ila kukubali huko kuna kasoro pale ambapo kozi anayoitaka haipatikani chuo kingine. Mimi naona ada nyepesi, iliyotangazwa mapema, yenye msamaha kwa asiyeweza, inakubalika. Ada isiyo na mlango wa kutokea kwa fukara siioni kuwa ni uadilifu, hata ikishinda kwa kura tisa katika kumi.

Linabaki suala ambalo kwetu si la kujadiliwa kwa kura, nalo ni riba. Mkopo wa jengo lile la Vancouver ulikuwa wa riba. Kwa hiyo sehemu ya ada ya kila mwaka hailipi tofali wala saruji, inalipa muda. Mwanafunzi Mwislamu akiulizwa kura ya namna hiyo hawezi kusema ndiyo kwa kuwa tu jengo lina manufaa. Anachoweza ni kutoa shauri la njia nyingine. Iko njia ya istisnaa: benki inayofuata sharia huingia mkataba wa kujengesha jengo lenye sifa zilizotajwa, kisha hulikabidhi kwa bei iliyokubaliwa tangu mwanzo, ikalipwa kwa mafungu. Bei hiyo haipandi malipo yakichelewa. Kwetu Tanzania benki inayoendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu ilianza mwaka 2011, nayo ni Amana, kwa hiyo mlango huu si hadithi ya Ghuba peke yake.

Njia ya pili ni kongwe zaidi: kusanya kwanza, jenga baadaye. Hapa ndipo mfano wa pili wa Kanada unapotufaa. Katika Chuo Kikuu cha Concordia, mjini Montreal, wanafunzi walitozwa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa kwa ajili ya jengo la umoja, na fedha zikawekwa katika mfuko hadi zikafika mamilioni ya dola. Mwaka 2010 viongozi walitaka kuongeza ada ili mpango wa jengo uendelee. Kura ikapigwa mwezi wa Novemba, na wanafunzi wakakataa kwa wingi mkubwa.

Tazama tofauti iliyopo. Wale wa Vancouver wakisema leo hapana, deni halisikii. Hawa wa Montreal waliposema hapana, mfuko ulibaki wao. Hawakuwa na mkopo wa kuwafunga wala jengo la nusu la kuwaaibisha. Kukusanya kwanza kuna ubaya wake, nao si mdogo: bei za ujenzi hupanda fedha zikiwa zimelala, viongozi wa wanafunzi hubadilika kila mwaka, na mfuko mnene usio na mlinzi huvutia mikono. Hata hivyo, nikilinganisha hasara hizo na ile ya kumfunga mtoto wa darasa la tatu kwa deni la riba, sisiti kuchagua.

Fedha za Concordia nazo zilifika mahali pasipotazamiwa. Baada ya kura nyingine, sehemu yake, chini kidogo ya dola milioni 2, iliingizwa katika ujenzi wa nyumba ya ushirika ya wanafunzi, maana kodi za nyumba mjini zilikuwa zimekwisha kuwaelemea. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 2020 na inalaza wanafunzi zaidi ya 100 bila mwenye nyumba wa kutafuta faida. Kwa hakika ni manufaa makubwa kuliko viti vya kungojea kipindi. Lakini waliotoa fedha zile za mwanzo walitoa kwa ajili ya jengo la umoja, wengi wao walikuwa wameshahitimu, na hawakuulizwa. Wanazuoni wetu katika wakfu hushikilia sana sharti la aliyetoa. Kwa hiyo umoja wa wanafunzi utakaoanzisha mfuko wa namna hii uandike tangu siku ya kwanza, kabla senti haijapokewa, kwamba jengo lisipojengwa fedha zitakwenda wapi, na kwa idhini ya nani.