Kamera ya Grzimek na somo lake kwa Karagwe

Mwaka 1960 tuzo ya Oscar ya filamu ya hali halisi ilikwenda kwa kazi iliyorekodiwa Tanganyika: *Serengeti darf nicht sterben*, yaani Serengeti Isife. Mtayarishaji wake, Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo na mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Kuanzia 1956 aliendesha pia kipindi cha televisheni kilichodumu takribani miaka 30.

Mapato ya filamu yake ya awali kuhusu Afrika alitaka yanunue ardhi ya hifadhi. Mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika, Peter Molloy, akamshauri ayatumie kuhesabu wanyama na kufuatilia njia za nyumbu. Grzimek na mwanawe Michael wakajifunza urubani, wakaipaka ndege yao milia ya pundamilia, na mwaka 1958 wakahesabu wanyama 366,980.

Januari 10, 1959, ndege hiyo iligongana na tumbusi. Michael akafa akiwa na miaka 24, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baba aliikamilisha filamu. Naye alipofariki 1987, majivu yake yalizikwa kando ya mwanawe.

Kipindi chake kilichangisha fedha za uhifadhi. Aliwahi hata kutangaza safari za kitalii za Afrika Mashariki ambazo hazikuwepo. Watazamaji walipoziulizia, mawakala wakaziandaa.

Hata hivyo, Grzimek aliamini hifadhi isikaliwe na watu, hata wenyeji. Mwaka huohuo wa 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti na kuhamia Ngorongoro. Watazamaji wa Ulaya waliwajua nyumbu kuliko walivyowajua wachungaji walioishi nao.

Sisi wa Nyakasimbi na Karagwe tuna la kujifunza hapo. Mwaka 2019 mapori ya Rumanyika na Ibanda yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Rumanyika ni Omukama, yaani mfalme, wa Karagwe aliyewapokea wapelelezi Speke na Grant mwaka 1861. Historia ya watu imo ndani ya jina lenyewe.

Hifadhi hizi zinahitaji watayarishaji wa filamu, na vijana wetu wanaweza kazi hiyo. Warekodi wanyama, na pia migomba, kahawa, ng'ombe wa pembe ndefu na wazee wanaoyajua mapori hayo. Halmashauri na shule ziwape vifaa na mafunzo. Filamu hujenga hifadhi machoni pa dunia. Yetu ijengwe ikiwa na watu wake.