Barua Inayochomwa Baada ya Kusomwa

Usiku mmoja wa masika, jirani yetu hapa Bugarama aligonga mlango akiwa amembeba mwanawe wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa akitetemeka, na mwili wake ulikuwa moto kama jiko. Mkononi mama alishika vidonge vidogo vya deksamethasoni vilivyobaki kutoka kwa mgonjwa mwingine. "Mwalimu, hivi si hutuliza homa? Nimpe nusu?" Nilimsihi asimpe. Maelezo niliyompa tukiwa njiani ndiyo makala haya.

Ndugu msomaji, homa hailetwi na vijidudu vya malaria peke yao. Vijidudu hivyo hupasua chembe nyekundu za damu, na chembe nyeupe zinapokutana na mabaki yake hutoa protini za kupiga mbiu ya hatari. Mojawapo huitwa TNF. Mbiu hiyo huufanya ubongo upandishe joto la mwili, na huita chembe nyingine vitani. Isipopigwa, adui hupenya kimyakimya. Ikipigwa kupita kiasi, huujeruhi mwili uleule inaoulinda.

Basi nani huinyamazisha? Kila protini huundwa kwa maelekezo ya jeni. Jeni yenyewe haitoki katika kiini cha chembe. Hunakiliwa, na nakala yake, iitwayo RNA, hupelekwa mahali protini zinapotengenezwa. Mtu angedhani kwamba nakala ikishatoka, amri imekwisha kutolewa na hairudi. Sivyo. Mwaka 1986 wataalamu walionyesha kwamba nakala za protini hizi za mbiu zina, karibu na mkia, maandishi ya namna moja: herufi A na U zinazorudiwarudiwa. Askari atanielewa upesi nikisema ni kama barua ya siri iliyoandikwa chini yake, "Soma, kisha choma." Nakala ya hemoglobini hudumu saa nyingi, ya TNF huharibiwa upesi sana.

Mchomaji mmoja wa barua hizo ni protini iitwayo tristetraprolini. Huyashika yale maandishi, kisha huita vimeng'enya vinavyoukata mkia wa nakala, nayo ikaharibika. Adui anapoingia, chembe humtia mchomaji alama ya fosfati inayomlegeza, na barua ikapata muda wa kusomwa mara nyingi. Lakini hapa pana jambo linalonistaajabisha kila nikilifikiri: mbiu ileile huamuru wachomaji wengine zaidi watengenezwe. Hatari ikipungua, alama huondolewa, nao wako tayari kwa wingi. Kengele inapolia tayari imekwisha kumwita mtu wa kuizima.

Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walieleza habari za panya waliozaliwa bila mchomaji huyo. Walionekana wazima mwanzoni, kisha wakakonda, viungo vikavimba na ngozi ikaharibika. Walipopewa kingamwili za kuizuia TNF, sehemu kubwa ya maradhi hayo haikutokea.

Deksamethasoni nayo hupunguza mbiu, na njia yake mojawapo ni kumrudishia mchomaji nguvu zake. Mwaka 2020, nchini Uingereza, ilipunguza vifo kwa theluthi moja hivi miongoni mwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Lakini mwaka 1982, huko Thailand, wagonjwa wa malaria ya ubongo waliopewa dawa hiyohiyo walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu, wakapatwa na madhara zaidi, na vifo havikupungua. Haiui kijidudu hata kimoja. Mama angeona mtoto amepoa, akarudi kulala, na damu ikaendelea kupasuka.

Hapa kwetu hatuhitaji kukumbushwa malaria. Mwezi Machi 1917 hatukuwapo, lakini Machi 2017 tulikuwapo, Serikali ilipotangaza kwamba ugonjwa huu umekuwa janga la nchi nzima. Tulifika kituo cha afya kabla ya mapambazuko. Muuguzi alichoma kidole, akatazama damu, akatoa dawa ya mseto bila malipo, kama ilivyo kwa watoto wa chini ya miaka 5 tangu 2006. Vile vidonge alivichukua yeye. Siku ya tatu mtoto alikuwa akilia tena, safari hii kwa sababu dada yake alikuwa amemaliza mukeke wote uliopikwa kwa mawese.