Nyonga Mpya, Pumzi ya Zamani

Nyonga haichakai kwa siku moja. Kabla ya kufika kwenye chumba cha upasuaji, mgonjwa huwa amekwisha kuvumilia maumivu kwa miaka: kwanza ameacha kwenda sokoni kwa miguu, kisha safari ya msikitini au kanisani, hata akabaki barazani. Muda wote huo kinachouma ni nyonga tu, lakini moyo na mapafu navyo hupoteza uwezo kimyakimya.

Ndiyo maana wengi waliowekewa nyonga bandia hushangaa wanapotembea bila maumivu na bado wakatweta ngazini.

Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya walilazwa kitandani wiki tatu kwa ajili ya utafiti. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilidhihirika kuwa wiki zile tatu ziliupunguza uwezo huo kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka. Sembuse mzee aliyeketi miaka mitano?

Kliniki nyingi hukagua kovu na picha ya eksirei, zikaridhika. Kipimo cha pumzi hakina gharama: mgonjwa hutembea korido kwa dakika 6, umbali ukaandikwa kwenye faili, na mwezi ufuatao ukalinganishwa.

Mazoezi yenyewe ni kutembea, kidogo kidogo, kuelekea dakika 150 kwa wiki, kwa kasi inayomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba. Asiyeweza bado kuukanyagia mguu vizuri ana mikono. Nchini Ufaransa, wazee waliofanyiwa upasuaji huu walizungusha pedali kwa mikono kwa wiki 6, na uwezo wao wa kutembea ukaongezeka. Pasipo mashine hiyo, kuinua chupa za maji ukiwa kwenye kiti kirefu si haba.

Kijana mwenye selimundu, ambaye nyonga yake huharibika kwa kukosa damu, apimwe kwanza wingi wa damu. Huenda kutweta kwake hakutokani na kukosa mazoezi.

Tena, kutweta kunakopungua wiki hadi wiki kusichanganywe na kuishiwa pumzi ghafla, kifua kuuma au mguu mmoja kuvimba. Huenda damu imeganda mguuni na donge likasafiri hadi mapafuni. Hapo mazoezi husimamishwa, na mgonjwa hukimbizwa hospitali saa ileile, hata ikiwa usiku wa manane.