Alinipasulia Puto, Tukaanza Kuongea

Hivi wewe na mwenzi wako mlishawahi kukaa siku 11 mkiongelea Luku na hela ya mboga tu? Basi ndivyo tulivyokuwa mimi na mume wangu mwaka 2023. Ofisini nilikuwa nimepewa cheo, ila kituo cha kazi ni Mwanza. Yeye biashara yake iko Kariakoo. Nilipomwambia, alijibu "sawa" moja kavu, akaenda kulala.

Jumamosi moja tukaenda Tabata kumsaidia mama mkwe kusafisha stoo. Nyuma ya maboksi tukakuta TV ya chogo na ile mashine ya gemu ya Kichina aliyochezea utotoni, pamoja na kaseti ya njano iliyoandikwa gemu 9,999. (Uongo mtupu! Zilikuwa chache tu zinajirudia.) Mojawapo ni Balloon Fight.

Kwa ambao hamkuibahatisha, hii ni gemu ya Nintendo iliyoingia majumbani huko Japani mwaka 1985. Programu yake iliandikwa na Satoru Iwata, ambaye mwaka 2002 alikuja kuwa bosi wa Nintendo yenyewe. Picha zake ni bapa, kama katuni ya gazetini. Unaelea angani na maputo mawili, unabonyeza kitufe ili upige mikono kama ndege. Likipasuka puto moja, kupaa kunakuwa kazi. Yakipasuka yote, unaporomoka. Adui ukimpasulia lake anashuka na parachuti, akitua anaanza kupampu jipya, na hapo ndipo unatakiwa umuwahi. Ukikaribia maji, lisamaha... yaani lile lisamaki linaruka na kukumeza mzima mzima. Ukizubaa sana, mawingu yanatema radi.

Sasa utamu wake: mkicheza wawili, mnaweza kupasuliana. Hata dakika moja haikuisha, mume wangu akanitua kichwani, pwaa!

"We! Mimi ni mwenzio!"

"Samahani mama, sikukuona," huku anacheka. Mwongo. Nikamlipizia, akatumbukia kwa samaki. Tukapigiana kelele mpaka mama mkwe akachungulia.

Raundi za mbele tukajipanga. Yeye juu, mimi chini nawawahi wanaopampu. Ndipo akauliza, macho kwenye TV, "Mwanza unatakiwa lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Ofisini uliwajibu nini?"

Hapo nikanyamaza. Ukweli ni kwamba nilishakubali siku tatu kabla ya kumwambia yeye. Nikamwambia hivyo hivyo. Akaacha kubonyeza, mtu wake akazama, na mimi nikamfuata.

"Kumbe kilichoniuma nilikuwa nakijua," akasema. "Si Mwanza. Ni kwamba hukuniuliza."

Nikamwomba radhi, bila "lakini". Tukaongea mpaka giza likaingia: nani abaki na nyumba, nauli, nani anasafiri wikiendi ipi. Mambo mengine tulibishana, tena kwa sauti, ila angalau tulikuwa tunaongea.

Mwezi wa tisa nikahama. Mashine nimemwachia Dar, ila pedi moja nimeichomoa nikaondoka nayo. Akitaka kucheza wawili, apande basi.