Likivuta, Litasimama? Kweli na Uongo wa Tela

Hale, kando ya barabara ya Segera–Tanga, trekta zinakokota matela ya mkonge, pikapu zinaburuta matangi ya maji, na kila dereva ana nadharia yake. Hizi bila shaka umeshazisikia.

"Gari likiweza kulivuta tela, litalisimamisha." Uongo, na ndio hatari kuliko wote. Kuvuta ni kazi ya injini. Kusimama ni kazi ya breki na tairi, na breki za pikapu hazikutengenezwa kwa tani ya ziada inayokusukuma kwa nyuma. Ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, mwendo umeongezeka mara 2, lakini umbali wa kusimama tangu breki zishike huwa karibu mara 4. Kitabu cha gari kinataja uzito unaoruhusiwa kuvutwa, na kwa tela lisilo na breki zake huwa mdogo zaidi. Kisome kabla ya kumsikiliza mwenye mzigo.

"Haya ni majani tu." Uongo. Jani la mkonge sehemu kubwa ni maji. Nyuzi zinazotoka kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Na tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, tela lenyewe bado.

"Mzigo uwekwe nyuma, ndoano isielemewe." Uongo. Tela la namna hiyo huinua mkia wa gari, kisha huanza kuyumba. Vitu vizito vikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, ndoano ibebe takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela na mzigo.

"Likiyumba, kanyaga mafuta lijinyooshe." Uongo. Wanaokusimulia ni wale waliopona. Achia mafuta, nyoosha usukani, acha mwendo ushuke wenyewe. Breki ya ghafla huweza kulikunja tela hadi ubavuni mwa gari.

"Shuka mlima kwa gia uliyopandia." Kweli! Hapa wazee wa malori nawavulia kofia. Gia ndogo huifanya injini izuie mwendo, breki zisichemke. Anayeweka fri ili abane mafuta hapati kitu: magari mengi ya kisasa hukata mafuta yenyewe ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia.

"Minyororo ni ya kumridhisha trafiki." Uongo. Ndoano ikichomoka, hiyo ndiyo inayobaki kulishikilia tela. Ipishanishe chini ya mkono wa tela, iudake kabla haujachimba lami. Isiburuzike, ila ilegee kiasi cha kukata kona.